Laptopu ya zamani, Linux ya kwanza

SWALI: Nina laptopu ya Core 2 Duo yenye RAM ya GB 2. Windows 7 imechoka na Chrome haipati tena masasisho. Fundi kanishauri niweke Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Nianze na ipi? Bando langu ni dogo. – Msomaji, Arua

JIBU: Weka Linux Mint ya Xfce (aina ya Linux, katika toleo lake jepesi), lakini kwanza ongeza RAM ifike GB 4. Mint yenyewe huwaka kwa GB 2. Mlaji mkubwa ni kivinjari. Fungua kurasa tano, RAM inajaa, mfumo unahamia kuandika kwenye diski, na hapo taa ya diski haizimi na kipanya kinaganda. Kabla ya kwenda dukani, chomoa RAM iliyomo usome kibandiko: PC2 ni DDR2, PC3 ni DDR3. Moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Ikishindikana kuongeza, chukua antiX, aina nyingine ya Linux. Sura yake ni ya kizamani, ila ni nyepesi kweli.

Faili la Mint linakaribia GB 3, basi lipakue penye Wi-Fi, kisha ulinganishe namba yake ya sha256 (namba ya kuhakiki kuwa faili limefika zima) na ile ya tovuti yao. Faili lililokatika njiani hukwamisha usakinishaji katikati, na watu huishia kuilaumu laptopu bure.

Tafuta flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, maana Rufus, programu ya Windows ya kuandika faili hilo kwenye flashi, itaifuta yote. Kwenye Rufus, penye mpangilio wa diski, chagua MBR. Ukichagua GPT, laptopu nyingi za umri huo hazitaiona. Ili laptopu ianzie kwenye flashi, iwashe ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au Esc kisha F9 kwa HP.

Usisakinishe papo hapo. Mint hufanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kwa hiyo jaribu sauti, kamera na Wi-Fi. Kadi za Wi-Fi za Broadcom ndizo sumbufu: Wi-Fi haionekani kabisa. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa USB tethering, kisha fungua Driver Manager ya Mint ikutafutie kiendeshi (programu inayoiwezesha kadi kufanya kazi).

Ukiridhika, nakili mafaili yako kwingine, kwa sababu ukichagua "Erase disk" wakati wa kusakinisha, haibakishi kitu kwenye diski. Kama betri imekufa, subiri siku umeme umetulia. Ukikatika katikati, utaanza upya kutoka kwenye flashi. Masasisho ya kwanza hufika mamia ya MB, hayo nayo yapakue penye Wi-Fi.