Ningeifuta Februari ya 2020

Wahariri, swali lenu la juma hili lilikuwa: "Ni uamuzi upi timu yako iliufanya ligi ikiwa mapumzikoni, ambao ungeufuta kama ungekabidhiwa kalamu?" Mimi ni shabiki wa Boston Red Sox, timu ya besiboli ya Marekani, na sikuhitaji kufikiri. Tarehe 10 Februari 2020 timu yangu ilithibitisha kwamba nyota wetu Mookie Betts na mrushaji David Price wamekwenda Los Angeles Dodgers. Sisi tulipewa vijana watatu, Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong, na bado tukakubali kubeba nusu ya mshahara uliobaki wa Price, yaani dola milioni 48. Huo ndio ningeufuta.

Najua wasomaji wengi hapa ni watu wa soka, kwa hiyo nieleze kidogo. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani huchezwa toka mwanzoni mwa majira ya kuchipua hadi Septemba, mechi 162 kwa kila timu, kisha mtoano wa Oktoba. Kuanzia Novemba viwanja hulala. Hapo ndipo vikosi hujengwa na kubomolewa, makocha huajiriwa na kufukuzwa, na sisi mashabiki hukaa na simu mkononi kwenye baridi kali tukisubiri habari. Ninaishi Lowell, kaskazini ya Boston, na Februari huku theluji huwa imeganda kando ya barabara mpaka inageuka nyeusi. Habari ya Betts ilinikuta nikitoka zamu ya usiku. Nilikaa ndani ya gari bila kuliwasha.

Ili mjue kilichouzwa, niwapeleke Fenway Park, usiku wa tarehe 12 Julai 2018. Tunacheza na Toronto, beisi zote zimejaa wakimbiaji wetu, na anayewarushia ni J.A. Happ. Betts si mtu mkubwa. Ukipishana naye sokoni hutageuka. Happ anarusha, Betts anaugusa mpira unakwenda pembeni, batili. Anarusha tena, batili tena. Uwanja mzima umesimama, kila mrusho kelele zinapanda. Mrusho wa 13 akaupiga ukaenda juu ya ukuta mrefu wa kijani ulioko upande wa kushoto, mbio nne, yaani pointi nne, kwa pigo moja, na huyo kijana ambaye kwa kawaida hutulia kama maji ya mtungi akakimbia akipiga kelele kwa furaha. Tulishinda 6–4. Mwaka ule tulishinda mechi 108 na ubingwa, Betts akachaguliwa mchezaji bora wa American League, nusu ya ligi kuu tunayochezea sisi. Na katikati ya fainali zenyewe, baada ya mechi ya pili, alionekana usiku wa manane nje ya maktaba kuu ya Boston akiwagawia chakula watu wasio na makazi.

Alikuwa wetu toka mwanzo. Red Sox walimchagua mwaka 2011 katika raundi ya tano ya uteuzi wa wachezaji vijana, kijana wa Tennessee anayecheza beisi ya pili. Kwa kuwa nafasi hiyo ilikuwa na mwenyewe, Dustin Pedroia, wakamfundisha kucheza eneo la nje la uwanja, upande wa kulia, na akawa bora kuliko wote waliocheza pale. Timu ilimpanda, ikampalilia, ikamvuna mara moja, kisha ikauza shamba.

Sababu waliyotupa ilikuwa hesabu. Ligi huweka kiwango cha mishahara. Timu ikikipita hulipa kodi. Mwaka 2020 kiwango kilikuwa dola milioni 208. Red Sox walikuwa wamekipita 2018 na 2019, na ukikipita mwaka wa tatu mfululizo unatozwa nusu ya kila dola iliyozidi. Ukishuka chini mwaka mmoja tu, unarudi kuhesabiwa kama mgeni na kutozwa asilimia 20. John Henry, mmiliki wetu mkuu, alisema wazi Septemba 2019 kwamba timu inataka kushuka. Sasa pigeni hesabu pamoja nami: ukikipita kiwango kwa dola milioni 20, kodi ni milioni 10. Kwa timu yenye uwanja uliopo toka 1912 na tiketi za bei ya juu kiasi kile, milioni 10 si kitu cha kumtolea mchezaji wa aina ya Betts.

Mtu ataniambia kila timu huuza. Ni kweli, na mimi ni mtu wa Msimbazi, najua. Simba ilipowaachia Luis Miquissone kwenda Al Ahly na Clatous Chama kwenda RS Berkane mwaka 2021 niliumia, lakini nilielewa: fedha ya Cairo na ya Morocco si ya kushindana nayo ukiwa Dar es Salaam. Boston hawana udhuru huo. Boston ndio Al Ahly wa habari hii. Tajiri aliuza kwa tajiri mwenzake, na yule mwenzake hakuona tabu: Julai mwaka huo huo Dodgers walimpa Betts mkataba wa miaka 12 wa dola milioni 365, na Oktoba wakachukua ubingwa naye. Wameuchukua tena 2024 na 2025.

Lakini sitaki kumtupia lawama zote Chaim Bloom, mkuu wa usajili aliyeletwa kutoka Tampa Bay Oktoba 2019 na kukuta agizo la kushusha mishahara linamsubiri mezani. Kosa lilianza majira ya baridi yaliyotangulia. Tukiwa bado tunasherehekea ubingwa, Dave Dombrowski, aliyekuwa mkuu wa usajili kabla yake, alimpa Nathan Eovaldi dola milioni 68 kwa miaka minne. Machi 2019 akamwongezea Chris Sale miaka mitano kwa milioni 145, na bega la Sale lilikuwa limeshamsumbua msimu uliopita. Mwaka mmoja baadaye Sale alikuwa kwenye meza ya upasuaji wa kiwiko. Warushaji wa kumalizia mechi, Craig Kimbrel na Joe Kelly, waliondoka na hakuna aliyeletwa wa maana kuziba nafasi zao, tukashinda mechi 84 tu. Fedha za Betts zilikuwepo. Ziliwekwa kwenye mikono ya watu wanaorusha, na mkono wa mrushaji ndicho kitu kinachovunjika kuliko vyote katika mchezo huu. Dombrowski alifukuzwa Septemba 2019, sawa, ila bili yake ililipwa na mtu mwingine.

Kuhusu benchi la ufundi, hapo nitatofautiana na mashabiki wenzangu wengi. Tarehe 13 Januari 2020 ligi ilitoa ripoti yake juu ya Houston Astros, jinsi walivyotumia kamera mwaka 2017 kusoma ishara ambazo mdakaji wa timu pinzani humpa mrushaji wake na kumjulisha mpigaji wao kwa kugonga pipa la taka. Alex Cora, aliyekuwa kocha wetu mkuu, alikuwa msaidizi Houston mwaka ule wa 2017 na alitajwa kama mmoja wa waliopanga. Kesho yake Red Sox wakaachana naye. Nampenda Cora, na naamini hajatokea kocha anayejua kuzungumza na wachezaji vijana kama yeye. Hata hivyo alipaswa kuondoka. Wizi ule wa ishara uliwanyima watu kazi. Kuna warushaji walioingia mechi moja Houston, wakapigwa vibaya na kurudishwa daraja la chini. Kumrudisha Novemba 2020, adhabu yake ikiwa imekwisha, nako kulikuwa sahihi. Mwaka 2021 alitupeleka hadi hatua moja kabla ya fainali. Nisichokubali ni namna nafasi yake ilivyojazwa katikati. Ron Roenicke, mtu mzima mwenye heshima, alitangazwa kocha wa muda tarehe 11 Februari, siku moja tu baada ya Betts kuthibitishwa kuondoka. Alipewa kikosi kisicho na Betts, Price wala Sale, kisha korona ikaukata msimu hadi mechi 60. Akashinda 24, akashindwa 36, tukashika mkia wa kundi, naye akaondolewa. Ilikuwa kumtuma mtu kisimani na kapu, kisha kumgombeza kwa kurudi bila maji.

Na tuliowapokea? Verdugo alipiga vizuri mwaka wa kwanza, akawa mchezaji wa kawaida, na Desemba 2023 akauzwa kwa mahasimu wetu, Yankees wa New York. Downs alicheza mechi 14 akaachwa. Wong ni mdakaji mwenye bidii. Siku zile za Februari mpango wa kwanza ulikuwa tumpate Brusdar Graterol, mrushaji wa Minnesota. Boston wakaogopa taarifa zake za afya, mambo yakasimama karibu juma zima, na mimi nikaomba kwa moyo wote yavunjike kabisa. Graterol naye akaishia Dodgers.

Kuna jambo moja ambalo wachambuzi hawaligusi sana, na kwangu ndilo kubwa. Red Sox walikuwa timu ya mwisho katika ligi kuu kumchezesha mtu mweusi. Jackie Robinson aliletwa Fenway kwa majaribio Aprili 1945, akaonyesha alichonacho, na hakupigiwa simu. Alianza kuchezea Brooklyn 1947. Boston walisubiri hadi tarehe 21 Julai 1959, alipoingia Pumpsie Green. Kazini nina mzee mmoja, Mmarekani mweusi aliyekulia Roxbury, mwendo mfupi tu kutoka Fenway. Yeye ndiye aliyenifundisha mchezo huu, kwenye televisheni ya sebuleni, wagonjwa tunaowahudumia wakishalala. Aliniambia kwamba baba yake hakuwahi kumpeleka uwanjani hata siku moja; nyumbani kwao Red Sox walikuwa timu ya watu wengine. Alianza kununua tiketi uzeeni, kwa ajili ya wale wachezaji watatu wa eneo la nje, hasa Jackie Bradley Jr. na Betts. Alinunua jezi namba 50, ya Betts. Uliposikia watu elfu 37 wakiliita jina la Mookie, huyo mzee alikuwa anasikia kitu ambacho mimi mgeni nisingeweza kukisikia bila yeye kunieleza. Hayo hayamo katika daftari la kodi, na nadhani waliokaa mezani hawakuyafikiria.

Boston inajua vizuri kuuza mtu. Desemba 1919 mmiliki Harry Frazee alikubali kumtoa nyota Babe Ruth kwa Yankees kwa dola 100,000, ikatangazwa Januari 1920. Baada ya ubingwa wa 1918 mji huu ulisubiri miaka 86, hadi 2004. Betts aliondoka takriban miaka 100 baada ya tangazo lile. Siamini laana ambayo watu waliihusisha na kuuzwa kwa Ruth. Ninaamini kumbukumbu, na hawa hawakuitumia.

Mnaniuliza ningefanya nini na kalamu hiyo. Ningempa Betts mkataba wake katika majira ya baridi ya 2018, kabla ya Eovaldi na kabla ya Sale. Iliripotiwa kwamba timu ilitaja milioni 300 kwa miaka 10 naye akataka 420 kwa 12. Pengo hilo watu wazima hulikutanisha, na Dodgers walilikutanisha kwa 365. Kama nimechelewa hadi 2020 na mishahara lazima ishuke, ningemtafutia Price mnunuzi peke yake, na Bradley aliyekuwa na mwaka mmoja wa milioni 11, ingawa yule mzee asingenisemesha wiki nzima. Bado tungezidi kiwango? Basi tulipe kodi mwaka wa tatu.

Baada ya Betts ikawa rahisi zaidi kuwaachia nyota. Xander Bogaerts akaenda San Diego Desemba 2022 kwa miaka 11. Rafael Devers alipewa miaka 10 na dola milioni 313.5 Januari 2023, na mashabiki tukapumua. Kisha Februari 2025 wakamleta Alex Bregman kwenye nafasi yake ya beisi ya tatu, maneno yakaharibika, na tarehe 15 Juni, siku ile ile tuliyomaliza kuwafagia Yankees mechi zote tatu, wakamtuma San Francisco. Nadhani Devers alikosea kukataa kujaribu beisi ya kwanza baada ya Triston Casas kuumia. Nadhani pia ungekaa na kijana huyo mapema ukamweleza kwa heshima, asingekataa.

Hata hivyo naona jambo linalobadilika. Craig Breslow, aliyechukua nafasi ya Bloom mwishoni mwa 2023, ameanza kuwafunga vijana kwa mikataba mirefu mapema: Brayan Bello na Ceddanne Rafaela mwaka 2024, Kristian Campbell 2025, na Agosti 2025 Roman Anthony, miaka minane kwa milioni 130, akiwa na umri wa miaka 21. Garrett Crochet, aliyetoka Chicago, alipewa miaka sita kabla hajamaliza mwezi wa kwanza wa ligi na jezi yetu. Hivi ndivyo ilivyotakiwa kufanywa kwa Betts akiwa na miaka 23 au 24.

Alirudi Fenway kwa mara ya kwanza Agosti 2023, amevaa kijivu na buluu ya Dodgers. Nilikwenda na mzee wangu. Alipotajwa, uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi, na Betts akavua kofia akaizungusha pande zote. Mzee alikuwa amevaa ile jezi namba 50, ya Boston. Hakupiga makofi, aliinua mkono tu, akauacha juu mpaka mpira wa kwanza uliporushwa.