Kofia ya viua ni ya wazee?

SWALI: Wenzangu wananicheka nikivaa kanzu na kofia ya viua (ile iliyodariziwa vitundu vidogo) harusini, eti vazi la wazee. Na imelegea baada ya kufuliwa. Nifanyeje?

JIBU: Usiivue! Kofia ya kudarizi kwa mkono ni kazi ya wiki nyingi, na vile vitundu hupitisha hewa. Kepu ya nailoni haikupi hilo. Imelegea kwa sababu wanga umetoka. Ifue taratibu kwa sabuni ya kipande, bila kuikamua wala brashi, maana nyuzi za viua hufumuka. Koroga kijiko kikubwa cha wanga katika maji baridi kidogo, usije ukafanya madonge, kisha mimina nusu lita ya maji yanayochemka. Ukipoa, ichovye, uivishe sufuria iliyopinduliwa yenye upana wa kichwa chako, ikaukie kivulini. Wanga ukizidi, kitambaa hukatika kwenye mikunjo.