Kikohozi cha kwanza kilianza lini? Kwa wapya wa ufuatiliaji wa kifaduro

Wadogo zangu mlioingia juzi kwenye ufuatiliaji, fomu zenu ni safi: mwandiko mzuri, sahihi ipo, muhuri upo. Tarehe tu ndiyo si yenyewe. Waliowatangulia walikosea hapohapo, basi tuanze upya.

1. Tarehe ya majibu ya maabara si tarehe ya kuanza kuugua. Wala siku mtoto alipoanza kukohoa mfululizo hadi anavuta pumzi kwa mlio si yenyewe. Kifaduro huanza kama mafua ya kawaida: makamasi, kikohozi chepesi, homa kidogo au hakuna kabisa. Hali hiyo huchukua wiki moja hadi mbili, na ndipo mgonjwa anapoambukiza kuliko wakati wowote. Sasa nyinyi mnamuuliza mama, "Alianza kukohoa vibaya lini?" Anawajibu tarehe 14, mnaandika 14. Mngemuuliza kikohozi cha kwanza, angewaambia tarehe 3. Siku hizo 11 ndizo zinazotuponza. Waliokaa naye dawati moja tangu tarehe 3 hadi 13 hawamo kwenye orodha. Dawa ya kinga kwa walio karibu naye hutolewa ndani ya siku 21 tangu kikohozi chake cha kwanza, na hizo zinaisha tarehe 24; nyinyi kwa hesabu yenu mnajiona mna wiki nzima na zaidi. Majibu yanafika tarehe 22, zimebaki siku mbili, na kuna mtu anapanga kikao Jumatatu ijayo! Huku nyumbani kuna kichanga cha miezi miwili, ambaye huenda asitoe mlio wowote: anasita kupumua, anabadilika rangi. Huyo hasubiri kikao.

Ulizeni mara tatu: makamasi lini, kikohozi cha kwanza lini, mfululizo lini. Mzazi akisahau tarehe, mkumbusheni kwa matukio: kabla ya mtihani au baada?

2. Nyumba kwanza, darasa baadaye. Kati ya watu 10 wasio na kinga wanaoishi na mgonjwa, 8 au 9 wanaweza kuambukizwa. "Wote wamechanjwa" si jibu, kwa kuwa kinga ya chanjo hupungua kadiri miaka inavyopita. Yule baba mwenye "kikohozi cha vumbi" wiki ya tatu sasa aandikwe. Na ndugu wawili wakianza kukohoa wakipishana siku mbili, msichore mshale kati yao, kana kwamba mmoja kamwambukiza mwenzake. Ugonjwa kwa kawaida hujitokeza siku 7 hadi 10 baada ya kuambukizwa. Mtafuteni wa tatu, ambaye mara nyingi ni mtu mzima.

3. Shuleni, andikeni wa dawati moja, wa basi moja, wa kwaya moja. Shule nzima haihitajiki. Mgonjwa hurudi baada ya siku 5 za antibiotiki inayofaa, au siku 21 tangu kikohozi kianze kama hakutumia dawa. Mwambieni mwalimu mapema kwamba ataendelea kukohoa kwa wiki kadhaa, la sivyo simu yake mtaipokea nyinyi.

4. Sampuli itoke nyuma kabisa ya pua, kwa kijiti cha nailoni au poliesta. Pamba hudhuru bakteria wanaotakiwa kuoteshwa maabara.

5. Kikohozi kikitembea nyumbani polepole, mmoja leo, mwingine baada ya wiki mbili au tatu, na amoksilini haifui dafu, fikirieni mikoplazma, bakteria mwingine anayeleta kikohozi. Haina ukuta wa seli ambao dawa hiyo huushambulia. Na tafadhali, msiijaze kwenye fomu ya kifaduro.