Kabla ya kutafuta shimo, tafuta chemchemi

Nilikuwa mtoto nilipoingia Mapango ya Amboni mara ya kwanza, na mtu aliyetutembeza alituambia kwamba pango lile linatokea Mombasa. Nilimwamini. Nilipokua nikanunua kamba na taa ya kichwani, nikamaliza Jumamosi nyingi nikijipenyeza kwenye nyufa za maeneo ya Tanga kutafuta njia inayoshuka chini kabisa. Kila mara niliishia kwenye tope au kinyesi cha popo.

Nilikuwa natazama tundu, wakati jibu liko kwenye mwamba.

Anza na ndimu. Okota jiwe, likwangue kwa kisu hadi upate unga mweupe, kisha kamulia tone moja juu yake na usogeze sikio. Vipovu vikitoka na ukasikia mchemko mwembamba, hiyo ni chokaa. Mvua nayo hufanya kazi hiyo hiyo polepole: inachukua hewa ya ukaa angani na kwenye udongo, inakuwa na ukali kidogo, inapenya kwenye nyufa na kuzila kwa maelfu ya miaka.

Sasa jiulize maji hayo yanatokea wapi. Yanashuka mpaka yakutane na tabaka lisiloyeyuka, au yafike usawa wa mto au bahari, kisha yanatoka pembeni kama chemchemi. Kwa hiyo pango la kushuka kwa kamba halina nafasi zaidi ya tofauti ya mwinuko kati ya mdomo wake na chemchemi hiyo. Chini ya hapo ni maji matupu. Amboni ina chokaa nzuri, ya miaka milioni 150 hivi, lakini mto Mkulumuzi unapita papo hapo na bahari iko karibu. Maji hayana pa kuangukia. Ndiyo maana mapango yale yametanuka kuliko yalivyozama.

Linganisha na mlima Arabika, Abkhazia, kando ya Bahari Nyeusi. Chokaa yake ni nene mno, imeinuliwa zaidi ya mita 2,000, na matabaka yake yameinama kuelekea baharini. Pango la Veryovkina liligunduliwa huko mwaka 1968, likapimwa mita 115 tu. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti walimwaga rangi kwenye maji ya mapango ya juu, nayo ikaibuka kwenye chemchemi za ufukweni. Tangu hapo walijua mlima una nafasi ya zaidi ya mita 2,000, hata kama wao walikuwa wamekwama juu. Mwaka 2004 pango jirani, Krubera, likavuka mita 2,000, na mwaka 2018 Veryovkina likafikishwa zaidi ya mita 2,200. Mdomo wake uko mita 2,285 juu ya bahari. Piga hesabu uone kilichobaki.

Mapango ya Chyulu, Kenya, usiyapime kwa kanuni hii. Yale ni mifereji ya lava, yanafuata mteremko wa volkano.

Kwa anayetaka kina kwetu, mimi ningemwelekeza Matumbi, Kilwa, ambako chokaa imekaa vilimani. Ukifika, usianze kwa kuuliza mapango. Waulize wanaoteka maji. Chemchemi ambayo ni safi mwaka mzima huenda inachujwa kwenye nyufa nyembamba, lakini inayochafuka saa chache baada ya mvua ya mlimani ina njia pana nyuma yake.

Mama mmoja aliniambia, huku akijitwika ndoo: "Kukinyesha kule juu asubuhi, mwanangu, jioni hapa maji ni mekundu." Nikageuka kutazama kilima alichonyooshea kidole, nikatia alama kwenye ramani. Kiangazi kikifika napanda.