Le Pendu imemtokea bwana yangu

"Tantine, bwana yangu ni shofere wa malori. Tangu mwezi wa pili kampuni moja ya Kolwezi inamwambia angoje, mkataba unakuja, na juu ya hiyo amekataa kazi ingine hapa Lubumbashi. Nikamwandikia mtabiri mmoja kwa WhatsApp. Akatoa karata tatu za taroti, ya katikati ikawa Le Pendu. Anasema bwana amefungwa na mtu wa familia yake, na akipanda gari la Kolwezi atakufa. Anaomba dola 120 akate kamba, 40 nimeshatuma. Tena anasema nisimwambie bwana. Ni kweli karata inasema hivyo? Katika picha aliyonitumia, mtu yule kichwa kiko juu." Mama wa Katuba

Mama wa Katuba, zile dola 80 zilizobaki usizitume.

Sasa tuitazame karata yenyewe, tukianza na namba. Kwenye karata za aina ya Marseille, zile za zamani za Kifaransa, XII huandikwa juu na LE PENDU (Aliyetundikwa) chini, na mtu huyo huning'inia kichwa chini. Hivyo ndivyo inavyokaa sawasawa. Ukimwona kichwa juu, tafuta XII: ikiwa chini, basi ama karata ilitoka imegeuzwa, ama simu tu imeizungusha picha. Wanaoanza hukosea hapa kila siku, kwa sababu macho yanataka mtu asimame. Wako wasomaji wasiojali karata kugeuka, lakini anayejali lazima akuambie ilitoka upande gani kabla ya kufungua mdomo juu ya kifo.

Kamba iko kwenye kifundo cha mguu, haiko shingoni. Mguu wa pili uko huru, umekunjwa nyuma ya ule uliofungwa. Mikono iko nyuma ya mgongo, na mchoraji hakuonyesha kama imefungwa au mwenyewe ameiweka hapo; wasomaji wazuri hubishana sana juu ya mikono hiyo. Miti miwili ya pembeni imekatwa matawi, kwa kawaida visiki sita kila upande, jumla 12 kama namba ya karata, na wengi huvisoma kama mzunguko mzima ambao hauwezi kufupishwa. Uso umetulia. Kwenye karata za Arthur Waite, mwandishi wa Uingereza, za mwaka 1909, zilizochorwa na Pamela Colman Smith, mti una majani mabichi na kichwa kimezungukwa na mwanga. Waite aliandika wazi kwamba huo ni uhai uliosimamishwa, wala si kifo. Maana alizoipa ni hekima, uangalifu, majaribu, kujitoa. Ikigeuka, ubinafsi na umati.

Wanaotafuta maana ya ndani zaidi hutazama maumbo. Miguu hufanya msalaba, mikono na kichwa hufanya pembetatu yenye ncha chini. Igeuze karata, unapata alama ya salfa ya wanaalkemia, wale wa zamani waliotaka kugeuza madini kuwa dhahabu. Chama cha siri cha Golden Dawn cha Uingereza kiliipa karata hii maji na herufi ya Kiebrania Mem. Kwa watu hao mtu huyu ni nuru inayoshuka gizani kwa hiari yake. Uzuri mtupu, ila hauna bei ya dola 120.

Zamani zaidi, Italia, karata hii iliitwa Msaliti. Katika miji kama Florence, wasaliti na wadeni wadanganyifu walichorwa kwenye kuta za hadharani wakining'inia kwa mguu, ili waaibike. Kwenye karata moja ya Italia ya karne ya 15, inayotunzwa Paris, mtu huyo ameshika mifuko ya pesa mikononi. Hapo najiuliza, Mama: katika habari yako, nani ameshika mfuko?

Kifo kina karata yake, ya XIII, na hata hiyo husomwa zaidi kama mwisho wa jambo fulani. Wala usishangae kwamba Le Pendu imetokea. Taroti ina karata 78, lakini wengi hutumia zile kubwa 22 tu. Ukitoa tatu kati ya 22, karata yoyote unayoitaja hutokea karibu mara moja kwa kila watu saba. Huyo mtabiri ana wateja wangapi?

Karata ya katikati husomwa pamoja na jirani zake mbili, na hizo hakukuambia. Peke yake inasema jambo ulilolijua tayari: bwana ananing'inia tangu mwezi wa pili. La kuuliza ni kama anangoja kwa hiari au ameshikwa, na wa kulijibu ni yeye mwenyewe. Je, ana karatasi yoyote yenye sahihi? Anamjua kwa jina mtu anayempa jibu kule Kolwezi? Atangoja mpaka tarehe gani? Akishindwa kutaja tarehe, basi kampuni ndiyo inayomshikia mguu, na afadhali aulizie tena ile kazi ya hapa, kama bado ipo.

Zile dola 40 mwambie bwana leo, kabla hajaziona mwenyewe kwenye simu. Tunza ujumbe wote na uthibitisho wa malipo, kisha mzuie mtabiri huyo kwenye WhatsApp. Akikupata kwa namba ingine, tegemea karata mpya ya kutisha zaidi, XIII au XVI, Maison Dieu yenye mnara unaopigwa na radi. Usiulize maana yake.

Na shemeji zako waache. Hakuna karata hata moja kati ya 78 yenye jina la dada wa mtu wala mama mkwe, na neno la bulozi, yaani uchawi, likishatoka mdomoni mwako kule kwao, halitarudi hata bwana akipata kazi kesho.