Niache dozi ya H. pylori nitumie kempferoli?

SWALI: Shikamoo dokta. Nilipima nikakutwa na H. pylori, nikapewa vidonge vya siku 14. Leo siku ya 5, mdomo una ladha ya chuma na tumbo linaunguruma balaa. Dada yangu kanitumia habari eti kuna kitu cha mimea kinaitwa kempferoli, wamekijaribu kwenye seli za kansa ya tumbo zenye hao bakteria kikafanya kazi. Si niache vidonge nitumie hicho tu?

JIBU: Marahaba, na pole. Hiyo ladha ya chuma huwa inaletwa na antibiotiki kama metronidazo au klarithromaisini, ukimaliza dozi inapotea yenyewe.

Dada yako hajakudanganya. Kempferoli ni flavonoidi, yaani kemikali ya asili ya mimea, ipo kwenye chai, brokoli na mboga za majani, na kweli wameijaribu. Wanachukua seli za kansa ya tumbo zinazofugwa kwenye kisahani cha plastiki, wanazimwagia bakteria halafu wanachungulia. Sasa huyu bakteria ana kitu kama sindano, anaidunga seli na kuingiza protini inaitwa CagA, na hapo ndo kwenye hadubini unaona maajabu, seli iliyokuwa imejilalia bapa inavutika inakuwa nyembamba ndefu kama mdomo wa ndege chozi, huku inamwaga kemikali za kuita uvimbe, yaani ukuta wa tumbo kuvimba na kuwaka. Uvimbe huo ukikaa tumboni miaka na miaka ndo baadhi ya watu wanaishia kwenye kansa, na ndo maana tangu 1994 shirika la utafiti wa saratani la WHO limemweka H. pylori kwenye kundi la visababishi vya kansa. Wakiweka kempferoli kwenye kile kisahani, CagA inayoingia inapungua na zile kemikali zinashuka. Mi mwenyewe habari hiyo naipenda.

Ila kutuliza seli sio kumfukuza bakteria. Halafu kisahani hakina asidi, hakina ute mzito, hakina ini. Tumboni kwako huyu mdudu kajichimbia chini ya ute, anatengeneza amonia ya kuizima asidi inayomzunguka, na kempferoli ukiila inayofika kwenye damu ni kidogo, tena ini limeshaibadilisha. Chai kunywa, mboga kula, lakini dozi usiikate, maana ukiachia siku ya 5 wanaobaki wanaweza kuwa wale sugu na klarithromaisini ikishagoma mara moja kuirudia ni kazi bure.

Ukitapika kila kidonge, ukitoka vipele au ukipata choo cheusi kisicho cha kawaida rudi kwa aliyekuandikia hata leo (kama kwenye dawa zako kuna bismathi, yenyewe inaweza kufanya choo kiwe cheusi, muulize). Ukimaliza subiri angalau wiki 4 upime tena, kwa pumzi au choo. Cha damu achana nacho, kinaweza kusoma chanya miezi mingi wakati mdudu kashaondoka. Na ile dawa ya kupunguza asidi iwe imesimama wiki 2 kabla ya kipimo, la sivyo unaweza kuambiwa umepona kumbe bado.