Nembo ya chaneli haitoki kwenye kioo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kibanda umiza hapa Masasi. Baada ya mauzo ya korosho nilinunua TV ya plasma ya mtumba, inchi 50, kwa mtu aliyeileta kutoka Dar. Sasa nikiweka taarifa ya habari naona kivuli cha nembo ya chaneli ya mpira juu kulia, na kushoto kile kiboksi cha magoli. Nimebadilisha king'amuzi na waya, wapi. Kuna fundi anataka 150,000 aifungue "aoshe kioo". Wengine wanasema ni umeme wa kukatika-katika. Nimpe hiyo hela?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe hata mia.

Kwenye plasma hakuna cha kuosha. Kioo chake ni vyumba vidogo mno vyenye gesi ya neoni na zenoni. Umeme ukipita, gesi inatoa mwanga wa urujuanimno ambao jicho halioni. Mwanga huo ukigonga fosfori iliyopakwa ndani ndipo unapata nyekundu, kijani na buluu. Fosfori inachoka kadiri inavyowaka. Penye nembo nyeupe panawaka mechi nzima bila kupumzika, na mechi zako ni za kila wiki. Ni kama kanga iliyoanikwa juani ikiwa imekunjwa: ukiikunjua, upande uliopigwa jua umepauka. Rangi iliyokwisha hairudishwi kwa dawa wala kitambaa, na anayekuambia vinginevyo anakula jasho lako la korosho. Umeme kukatika unaweza kuua pawa saplai, lakini hauchori nembo.

Ila usikate tamaa kabla ya kupima, maana kipo kivuli cha muda na kipo cha kudumu. Weka kwenye flashi picha nyeupe tupu, ijaze kioo chote, kisha piga picha kivuli kwa simu. Halafu cheza filamu za rangi nyingi zisizo na nembo, zilizojaa kioo bila mapande meusi pembeni, kwa saa kadhaa. Rudisha ile nyeupe ulinganishe. Kimefifia? Endelea hivyohivyo siku zinazofuata. Plasma nyingi za Panasonic, Samsung na LG zina pia kwenye menyu kazi ya kupitisha mwanga mweupe kioo kizima. Itumie kwa kiasi, kwa sababu inasawazisha kwa kuchosha hata sehemu ambazo bado hazijachoka. Kisipobadilika kabisa, hicho ni cha kudumu.

Kwa vyovyote vile, shusha kontrasti leo. TV hizi huachwa kwenye mwonekano wa dukani, rangi kali mpaka macho yanauma. Wewe mchana unaziba madirisha ili watu waone mpira. Giza lote hilo, ukali huo wa nini? Mapumziko yakifika badilisha chaneli. Mechi ikiisha usiache menyu ya king'amuzi imesimama huku unakusanya viti. Menyu ile yenye maandishi meupe nimeiona imebaki kwenye vioo vingi kuliko hata nembo.

Kuhusu kubadilisha kioo: Panasonic waliacha kutengeneza plasma mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata 2014. Kioo utakachopata kitatoka kwenye TV nyingine iliyotumika, huenda nayo ina nembo yake. Kama kivuli hakiwakeri wateja, itumie hivyo mpaka msimu ujao wa korosho, kisha nunua LED ya kawaida. Kwa kazi ya kibanda ndiyo salama. Ukikuta ya OLED kwa bei ya kutupa, iache, nayo inachorwa na picha zilizosimama.

Na popote utakaponunua, usikubali kuoneshwa miziki tu. Picha zinazocheza zinaficha kivuli. Chomeka ile flashi yako yenye picha nyeupe, kaa mbele yake dakika chache, kagua kona zote nne ndipo utoe hela.